Tramu namba 18, kwenda kutazama sumaku zikizimia

Tulipandia Cornavin, stesheni kuu ya Geneva, mpwa wangu kashika tikiti mbili na mwavuli mmoja. Dakika ishirini na kitu hivi, tukafika kituo cha mwisho: CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa chembe ndogo za maada.

"Mjomba, wenzako huja hapa kwa habari za mwanzo wa ulimwengu. Wewe umekuja kuangalia friji."

Hakukosea sana. Kazi yangu Dar es Salaam ni kupiga wagonjwa picha za MRI. Sumaku yetu ni ya tesla 1.5, na neno linalotunyima usingizi ni kwenchi: waya wa sumaku, uliopozwa kwa heliamu ya kimiminika ili umeme upite bila kizuizi, unapata joto ghafla na sumaku inazimia. Alfajiri moja ilitutokea: ngurumo kama ndege inaruka, heliamu yote ikafumka kwa bomba la paani. Lita moja ya kimiminika kile hufura ikawa gesi lita zaidi ya 700. Wiki sita tulikaa tukitazamana.

Sasa niko SM18, ukumbi ambako sumaku hupimwa kabla ya kushushwa kwenye handaki la kilomita 27, lenye mashine ya kugonganisha chembe. Pampu zinavuma, na mitungi ya buluu ya mita 15, yenye sumaku ndani, imelala kama mabehewa. Kule chini ziko 1,232 za aina hiyo. Mwenyeji wetu, mhandisi mstaafu, akanitia kiganjani kipande cha kebo ya niobi na titani: bapa, upana wa kidole gumba, nyepesi. Ikipozwa hadi nyuzi 271 chini ya sifuri hupitisha ampea zipatazo 12,000.

"Mzee, hapa mkipata kwenchi mnafanyaje?"

"Tunaandika ilikuwa ampea ngapi, tunapoza, tunapandisha umeme tena."

Nikabaki mdomo wazi. Akaeleza kwamba nguvu ya sumaku huisukuma koili, yaani waya uliozungushwa ndani yake, waya ukateleza kidogo kuliko unene wa unywele, na joto la msuguano huo tu linatosha kuizimisha. Safari ya pili waya umeshapata kikao chake, sumaku inafika mbali zaidi. Wanaita mazoezi. Tena kuna vipasha joto vilivyobandikwa kwenye koili. Kwenchi ikianza vinawashwa makusudi, joto lienee kote badala ya kuyeyusha mahali pamoja. Hilo lilinichukua muda kulimeza.

Hata hivyo mwaka 2008, siku chache baada ya mashine kuwashwa, kiungo kati ya sumaku mbili kilishindwa, heliamu ikafumka kwa nguvu, sumaku zaidi ya 50 zikatolewa kwenye handaki. Kiungo kile kiliungwa hukohuko chini; kwenye ukumbi huu hakikuwahi kupita.

Nilipouliza kama na za hospitali hufanyiwa hivi, mzee akacheka: kiwandani ndiko zinakoanza kuzimia.

Kwenye tramu nikamwandikia mwenzangu wa zamu: "Mashine yetu huenda ilizoea kuzimia tangu kiwandani."

Akajibu: "Na sisi nani atatuzoesha?"