Mistari miwili iliyokataa kukutana

Nimetoka maabara sasa hivi na moyo bado unanidunda.

Kwa wiki kadhaa nimekuwa nahangaika na vijiti viwili vya silikoni naitraidi (aina ya kauri ngumu), vimelala sambamba ndani ya ombwe, pasipo hewa. Unene wake ni kama nanomita 100 hivi, yaani unywele ni mnene mara mia kadhaa zaidi. Vimeshikana kwenye shina moja, kwa hiyo kimoja kikitikisika, kingine kinapata habari.

Leo nikawa napandisha volteji kidogo kidogo ili masafa ya kimoja, yaani idadi ya mitikisiko yake kwa sekunde, yafikie ya kingine.

Kwenye skrini mistari miwili ya masafa hayo ikasogeleana.
Ikasogeleana tena.
Halafu ikakataa kukutana! Ikapinda, kila mmoja ukashika njia ya mwenzake.

Nikaiacha volteji hapo hapo, nikakigusa kijiti cha kwanza tu kwa mpigo mfupi wa umeme. Kikatetemeka, kikafifia, kikatulia kabisa. Na wakati kimetulia, cha pili kilikuwa kinacheza kwa nguvu zote! Kisha mtetemo ukarudi. Ukaenda tena.

Mara ya mwisho nikabadilisha volteji ghafla katikati ya safari. Mtetemo ukabaki kwenye cha pili, pale pale nilipoutaka, hadi ukafifia wenyewe.

Ule utulivu wa kijiti cha kwanza sitausahau.

Wenzangu wa fizikia na uhandisi, nani ameshaona mistari ikikwepana hivi? Ilikuwa kwenye kifaa gani? Nisimulieni hapa chini.