Deni la Tangu 1984

Mama yangu alizaliwa Lamu, mtaa wa Mkomani, kama alivyozaliwa mama yake, lakini mimi nilizaliwa Unguja mwaka 1992, kwa kuwa ndiko kwao baba na ndiko alikokuwa na kazi ya uashi. Walipoachana sikuwa nimetimiza miaka mitatu. Mama alinirejesha Lamu, nikalelewa, nikasomeshwa chuo cha Kurani na shule papo hapo, wala sikujua kwetu kwingine. Nilipofika umri wa miaka 18, mapema mwaka 2010, nilikwenda kuomba kitambulisho, nikaambiwa kwamba mimi si Mkenya.

Afisa hakukosea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Katiba ya zamani ilimhesabu mtoto aliyezaliwa nje ya Kenya kuwa raia iwapo baba yake ni raia. Uraia wa mama haukumfaa kitu. Binamu yangu, mtoto wa mjomba, alizaliwa Muscat, Omani, naye alipewa kitambulisho bila matata. Mjomba na mama walinyonya ziwa moja, lakini mmoja aliweza kumrithisha mwanawe nchi na mwingine hakuweza. Asiye na kitambulisho Lamu hafiki mbali: akishavuka hadi Mokowe na kupanda basi, kizuizi cha kwanza cha polisi chatosha kumrudisha. Nafasi niliyokuwa nimepata katika chuo cha ualimu Mombasa ilipotea hivyo.

Katiba mpya ilianza kutumika tarehe 27 Agosti mwaka huohuo, na kifungu cha 14 kikasema kwamba mtu ni raia wa kuzaliwa iwapo mama yake au baba yake ni raia, awe amezaliwa Kenya au nje. Tulirudi mwanzoni mwa mwaka 2011 tukiwa na furaha. Safari hii afisa aliyetupokea, ambaye hakuwa yule wa kwanza, alikosea. Alisema kwamba sheria mpya ni ya watoto watakaozaliwa baadaye, kisha akaongeza kwamba mtoto hufuata kwa baba. Mama alikunja karatasi zake akatoka bila kusema neno. Nilimfuata hadi nyumbani nikidhani amekata tamaa.

Hakuwa amekata tamaa. Jioni ile alimwalika wakili mmoja mwanamke aliyekuwa amekuja mjini kutoa ushauri wa bure, wakaketi dakani, mama akiwa na kofia yake ya vito mikononi, maana riziki yetu ilitokana na ushonaji huo. Wakili alitufungulia kwanza ibara ya pili ya kifungu hicho cha 14, inayosema wazi kwamba haki hiyo inawahusu pia waliozaliwa kabla ya Katiba kuanza kutumika. Kisha akatoa nakala ya Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1979, na kutusomea kifungu cha 9, kinachozitaka nchi zimpe mwanamke haki sawa na mwanamume kuhusu uraia wa watoto wao.

Mama alisimamisha sindano. Aliuliza Kenya iliingia lini katika mkataba huo. Wakili akajibu: tarehe 9 Machi 1984.

“Yaani miaka minane kabla ya huyu kuzaliwa?”

Wakili alikubali, akaeleza kwamba kwa kawaida mahakama zetu zilishikilia kuwa mkataba hauna nguvu nchini mpaka Bunge liutungie sheria, na kwamba sasa kifungu cha 2 cha Katiba kimeifanya mikataba iliyoridhiwa kuwa sehemu ya sheria za Kenya. Alitusimulia pia habari za Unity Dow wa Botswana, aliyeolewa na Mmarekani. Mtoto wake aliyezaliwa kabla ya ndoa alikuwa raia, na wawili waliozaliwa ndani ya ndoa hawakuwa raia, kwa sheria ya mwaka 1984. Aliishtaki serikali yake, na Mahakama ya Rufani ikampa haki mwaka 1992. Nilipousikia mwaka huo nilihisi kana kwamba nimetajwa kwa jina. Nilimuuliza wakili kwa nini asitumie Itifaki ya Maputo, ambayo ni ya Waafrika wenyewe na inawahusu wanawake. Alinionyesha kwamba katika uraia wa watoto itifaki hiyo inaiachia sheria ya nchi nafasi ya kukataa, lakini ule mkataba wa 1979 haukuacha mwanya huo.

Kusema kweli, kifungu cha 14 peke yake kilitosha. Hata hivyo, naamini kwamba mkataba ndio uliomrudisha mama pale dirishani, kwa sababu hadi usiku ule alikuwa akijiona mtu anayekwenda kuomba fadhila, na sasa alijua kwamba anadai.

Tulikwenda na barua ya wakili. Afisa alianza kueleza yale yale, mama akamngoja amalize, kisha akaweka kidole juu ya tarehe.

“Mwanangu, hii ni ahadi ya serikali, na mimi ndimi niliyeahidiwa. Mwana huyu ni wangu, nami ni wa nti hii.”

Afisa aliisoma barua mara mbili, akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alitupa fomu. Ilibaki kuhakikiwa na wazee wa mtaa, ambao walimjua hata bibi yangu, na baada ya hapo kungoja kwa miezi kadhaa.

Siku niliyokabidhiwa kitambulisho, mama alikitazama pande zote mbili, akanirudishia. Kisha akaitoa nakala ya mkataba sandukuni, ikiwa imechakaa mikunjo, akanituma niipeleke Langoni kwa mwanamke mmoja ambaye binti yake alizaliwa Muscat, na akaniagiza nisiiache mlangoni, bali niketi naye nimsomee kifungu cha 9.