Kumbukumbu ya mradi: kumpima mwenza asiyeonekana wa Gaia BH1

Programu yangu ya Python, ya kukadiria tungamo (wingi wa maada) la kitu kisichoonekana kinachozungukana na nyota, imeanza kutoa majibu. Nimeipa kwanza Gaia BH1, mfumo wa nyota na mwenza wake ulio kama miaka ya nuru 1,560 kutoka kwetu, kwa sababu timu ya mwanaastronomia Kareem El-Badry ilishachapisha jibu lake mwaka 2022. Mizani mpya hujaribiwa kwa jiwe linalojulikana uzito.

Pale inaonekana nyota moja tu, inayofanana sana na Jua. Ila mistari ya spektra yake (mwanga wake ukitawanywa kwa rangi) huyumba, mara upande wa bluu nyota ikitujia, mara upande wa nyekundu ikituacha, na kurudia mwendo uleule kila siku 185.6. Nikaingiza kipindi hicho, ukubwa wa myumbo (kilomita 66.7 kwa sekunde) na ubapa wa mzingo, yaani umbali wake na duara kamili (0.45). Ikatoka karibu 4, kwa kipimo cha matungamo ya Jua, kama namba zote za tungamo hapa chini.

Hiyo 4 ndiyo namba ninayoipenda kuliko zote. Ni sakafu: hata kama nyota ionekanayo haina uzito wowote, na hata kama mzingo tunautazama ubavuni kabisa, mwenza hawezi kupungua hapo. Nyota ya kawaida ya tungamo hilo ingeng'aa zaidi ya mara mia ya Jua, tungeiona. Kibete cheupe, kiini kilichobaki cha nyota ndogo iliyokufa, kinakomea 1.4. Nyota ya nyutroni, kiini kilichogandamana cha nyota kubwa iliyolipuka, haitarajiwi kuvuka 3. Limebaki shimo jeusi.

Baada ya hapo ni kuongeza mwinamo wa mzingo, ambao setilaiti ya Gaia iliupata kwa kufuatilia nyota ikisogea angani, pamoja na tungamo la nyota yenyewe, 0.93. Jibu: 9.5 hivi. Lililochapishwa ni 9.6. Nimeridhika.

Kisha, kwa uchokozi tu, nikaipa HR 6819, mfumo mwingine wa nyota, uliotangazwa mwaka 2020 kuwa na shimo jeusi. Siku 40.3, kilomita 61 kwa sekunde: sakafu haifiki hata 1! Dai zima lilisimama juu ya kuamini kwamba nyota ionekanayo ina tungamo la 5 au zaidi. Mwaka 2022 ikathibitika ni nyota nyepesi iliyonyang'anywa tabaka zake za nje, na mnyang'anyi ni nyota ya pili, inayoonekana vizuri tu.

Kwa hiyo sasa programu inachapa sakafu kwanza, kabla ya makadirio yoyote. Unaofuata ni mfumo wa Gaia NS1, wenye mwenza wa 1.9 anayedhaniwa kuwa nyota ya nyutroni. Huyo atanisumbua, maana vibete vyeupe viwili vikizungukana kwa karibu vinaweza kufikisha jumla hiyohiyo.