Jinsi nilivyookoa bando kwa setingi zilizofichwa za Firefox 52

Stesheneri yangu ipo Mwanga, hapa Kigoma mjini. Kompyuta ya kazi ni ya Windows XP, RAM giga 1, na siwezi kuiacha kwa sababu skana ninayoitegemea ina draiva ya XP tu. Kivinjari changu ni Firefox 52 ESR (toleo la kuhudumiwa muda mrefu), iliyotoka Machi 2017; ndiyo ya mwisho kukubali XP. Intaneti yangu ni modemu na bando. Msimu wa kuomba vyuo wateja wanajaa mpaka barazani, na bando la asubuhi lilikuwa halifiki adhuhuri.

Nilianza na njia ya mkato. Nilipakua kiprogramu cha kurekebisha Firefox: unachagua aina ya kompyuta na kasi ya intaneti, unabofya mara moja, basi. Kikabadilisha mambo mengi kwa mpigo bila kuniambia yapi. Kurasa zikawa zinafunguka nusu, nami sijui nianze kurudisha lipi. Ikabidi nifute profaili nzima, yaani folda ambamo Firefox hutunza setingi na kumbukumbu zako, na anwani zote nilizokuwa nimehifadhi zikaenda. Iliniuma sana.

Ndipo nikaingia mwenyewe. Unaandika about:config pale pa anwani, unakubali onyo, unaletewa orodha ndefu yenye kisanduku cha kutafutia. Kilichobadilishwa kinaonekana kwa herufi nene, na ukibofya kitufe cha kulia cha mausi unaweza kukirudisha kilivyokuwa. Nilibadilisha kimoja kwa siku, huku nikiandika daftarini thamani ya zamani.

Kilichoniokoa zaidi ni permissions.default.image. Ukiweka 1 picha zote zinakuja, 2 haiji hata moja, 3 zinakuja za tovuti yenyewe tu. Niliweka 2, na siku hiyo bando likafika jioni. Kesho yake binti mmoja kutoka Ujiji anajaza maombi ya chuo, akaniita: "Dada, wanasema niandike herufi zilizo kwenye picha. Mbona picha siioni?" Fomu alikuwa ameshaijaza karibu yote. Nikarudisha 1, nikafungua ukurasa upya, na kila alichoandika kikafutika. Nilimwomba radhi, nikakaa naye tukajaza tena, na pesa sikuchukua. Tangu hapo natumia 3. Matangazo mengi huletwa kutoka tovuti nyingine, kwa hiyo hayaji, na herufi za uthibitisho kwa kawaida zinaonekana. Zisipoonekana, naweka 1 kabla mteja hajaanza kujaza.

Setingi ya network.prefetch-next niliweka false, yaani nimeizima. Bila hivyo Firefox hupakua mapema kurasa ambazo tovuti inadhani utazifungua, na anayelipia ni wewe.

Kuhusu RAM, niligusa browser.sessionhistory.max_total_viewers. Hii ni idadi ya kurasa ulizopita ambazo kivinjari huzishikilia ili ukirudi nyuma zitokee papo hapo. Thamani ya mwanzo ni -1, yaani Firefox inaamua yenyewe kulingana na RAM. Wengi hushauri 0. Mimi niliweka 2, maana wateja wangu hurudi nyuma mara kwa mara, na ukurasa ukijengwa upya kila mara unachelewesha foleni.

Kuna moja nimekataa kuigusa: browser.sessionstore.interval. Kila milisekunde 15000 Firefox huandika kwenye diski tabo zilizo wazi. Ukiongeza muda huo diski inapumua, lakini hapa kwetu umeme ukikatika ghafla, hiyo kumbukumbu ndiyo inayorudisha kazi ya mteja.

Mambo ya benki siyafanyi kwenye mashine hii hata kidogo, kwa sababu kivinjari chake hakipati tena marekebisho ya usalama.

Mwishowe niliandika setingi zangu kwenye faili la user.js, nikaliweka ndani ya folda ya profaili. Kila setingi ina mstari wake, mfano:

user_pref("permissions.default.image", 3);

Firefox hulisoma kila inapowaka. Nakala nyingine ipo kwenye flashi, droo moja na daftari.