Walirudi kwa usiku mmoja tu

Ijumaa usiku. Mvua inanyesha huku Tabata tangu saa kumi jioni na usingizi umegoma kabisa, basi bora niandike.

Leo mchana ofisini vijana walikuwa wanaangalia klipu ya Oasis, bendi ya Waingereza, ile ya Cardiff Julai 2025, Liam na Noel Gallagher wanaingia stejini wameshikana mikono, ndugu wa tumbo moja waliokuwa wamenuniana toka bendi ivunjike 2009. Mmoja akasema pale hela tu, hamna kingine, wenzake wakaitikia wakarudi kwenye kazi zao. Mi nilinyamaza lakini limenikaa kichwani mpaka saivi. Hela ipo, siwezi kubisha. Bendi ya Sex Pistols waliporudi 1996 walisema wenyewe hadharani wamefuata hela. Bendi ya Eagles nao walikuwa wameapa kwamba watapiga tena pamoja siku jehanamu ikiganda barafu, 1994 wakala matapishi yao, wakauza tiketi kwa zaidi ya dola 100 wakati bei kama hiyo watu walikuwa hawajaizoea, na watu wakanunua. Sawa. Lakini kama hela ndo kila kitu, nielezeni Pink Floyd.

Pink Floyd mi nimewajua kwa mjomba. Mjomba alikuwa baharia kwenye meli za mizigo, na kila akirudi Tanga alishuka na begi la nguo na mfuko wa kaseti, wenzake wanaleta rege na disko yeye analeta hawa Waingereza ambao mtaa mzima hakuna aliyekuwa anawaelewa. Nyumba ya bibi ilikuwa Ngamiani, redio kaseti ilikaa juu ya kabati la vyombo pale sebuleni, na kuna siku aliweka The Dark Side of the Moon, ile ya 1973, ukafika ule wimbo unaoanza na saa kibao kulia kwa mpigo, za ukutani za mezani zote, bibi alikuwa kwenye mswala anavuta uradi akakatisha akauliza kuna nini humo ndani. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, "Kaka, zima hiyo takataka yako!" Mjomba akacheka, akapunguza sauti, hakuzima.

Alikuwa ananifundisha majina yao kama mtu anavyofundisha kikosi cha timu. Roger Waters besi, na ndo mwandishi wa mashairi. David Gilmour solo. Richard Wright kinanda. Nick Mason drams. Na wa tano ambaye hayupo, Syd Barrett, ndo aliyekuwa kinara wao mwanzoni miaka ya 60 London, akili ikamruka akiwa bado kijana, 1968 wakaendelea bila yeye. Siku moja 1975 wako studio Abbey Road, wanarekodi nyimbo zinazomhusu yeye mwenyewe Syd, akaingia mtu mnene, kanyoa kichwa mpaka nyusi, wakawa wanajiuliza huyu nani. Alikuwa yeye. Mjomba kila akinisimulia hapo alikuwa anashusha sauti, na mi mtoto sikuwa naelewa kwa nini habari ya mzungu fulani imguse kiasi kile.

Hawa watu hawakuachana vizuri jamani. Wright walimtoa kwenye bendi 1979 wakati wanarekodi albamu ya The Wall, akabaki anapiga kwenye shoo kama mwajiriwa wa mshahara, na kwa vile zile shoo zilikula hela kuliko zilivyoingiza ikawa yeye wa mshahara ndo pekee aliyetoka na faida. Juni 1981 wakapiga Earls Court, ukumbi wa London, na baada ya hapo wote wanne hawakusimama tena jukwaa moja. Waters akajitoa 1985 akijua bila yeye hakuna bendi, wenzake wakasema ipo na inaendelea, 1986 wakafikishana mahakamani kugombea jina. Jina tu! Wakaja kuyamaliza Desemba 1987 ndani ya boti ya Gilmour kwenye mto Thames, wakagawana kama wanavyogawana watu wa talaka, huyu abaki na jina, huyu abaki na haki za The Wall. Toka hapo hawapikiki chungu kimoja.

Halafu 2005 akaja mwanamuziki Bob Geldof. Huyu ndo aliyeandaa Live Aid 1985, tamasha la kuchangia wenye njaa Ethiopia, na sasa miaka 20 baadaye alikuwa anaandaa Live 8, matamasha ya siku moja, 2 Julai, kwenye miji mingi ya dunia, kuwabana wakubwa wa G8, yale mataifa manane yenye nguvu, waliokuwa wanakwenda kukutana Gleneagles kule Scotland siku chache mbele, wafute madeni ya nchi maskini waongeze na misaada kwa Afrika. Akampigia Gilmour, Gilmour akakataa. Geldof akapanda treni amfuate kwake, akiwa njiani Gilmour akampigia kumwambia geuza usije, Geldof akajibu nishafika East Croydon, nakuja. Gilmour akaenda kumpokea stesheni na bado hakukubali. Geldof akamtafuta Mason, Mason akamwandikia Waters, Waters akampigia Geldof kuuliza anataka nini hasa, na mwisho Waters mwenyewe akanyanyua simu kumpigia Gilmour. Gilmour akaomba muda afikirie. Kesho yake akakubali.

Mi nikisoma hiyo habari naona mshenga tu. Mshenga hasa, yule anayekwenda nyumba hii akafukuzwa, akanywa maji, akaenda nyumba ya pili, akarudi, na hana cha kwake anachotafuta. Watu waliogombana muda mrefu shida yao kubwa siyo kwamba wanachukiana, shida ni nani aanze, maana atakayeanza atakuwa amekubali kwamba yeye ndo aliyekosa miaka yote hiyo. Mshenga anaiondoa hiyo. Hujamfuata mwenzio, umeitwa. Yeye naye kaitwa. Mnakutana kwenye shughuli ya watu.

Nayajua haya kwa sababu ya nyumba ya Ngamiani. Bibi alipofariki 1998 mjomba alitaka iuzwe, mama akasema haiuzwi mtu akiwa hai, maneno yakatoka ambayo sitayaandika hapa, na ndugu wawili waliozaliwa kwenye kile kitanda kimoja hawakuongea miaka 13. Miaka 13, Tanga na Pangani, mwendo wa saa mbili tu kwa basi. Idi zinakuja zinapita. Sisi watoto tulikuwa tunakwenda kumsalimia mjomba kwa siri, shikamoo mjomba, marahaba mjomba, halafu tunakaa tunasikiliza kaseti na hakuna anayemtaja mama.

Dada yangu alipoposwa 2011 baba mdogo ndo alikuwa walii, baba alishatangulia mbele ya haki. Akatoka Korogwe akaenda Pangani mara tatu. Hakusema yaishe, hakuuliza nani mwenye makosa, nyumba hakuigusa kabisa. Alisema tu tunaozesha, watu watauliza mjomba wa bibi harusi yuko wapi, mi nitawajibu nini. Mara ya kwanza hakukaribishwa hata maji. Mara ya tatu mjomba akauliza, ni tarehe ngapi?

Narudi London. Kuna kitu kinanifanya hiyo Live 8 niione ya kwetu kwa namna fulani, maana sababu iliyowakutanisha hawa watu ilikuwa sisi. Tanzania ilikuwa kwenye zile nchi 18 ambazo mawaziri wa fedha wa G8 Juni ile walikubaliana zifutiwe madeni, Uganda na Rwanda nazo zimo, na Rais Mkapa alikaa kwenye Tume ya Afrika ya Tony Blair, waziri mkuu wa Uingereza wakati ule, tume hiyohiyo aliyokuwemo Geldof. Ila lazima niseme na hili. Pale Hyde Park, bustani ya London lilikofanyika tamasha la Pink Floyd, wanamuziki wa Afrika walikuwa wa kuhesabu, Youssou N'Dour wa Senegal alipanda na Dido, wengi wengine wakawekewa tamasha lao Cornwall kule Eden Project. Mnazungumzia Afrika halafu Waafrika mnawaweka pembeni. Liliniuma na bado linaniuma, na haliondoi kwamba nawashukuru kwa deni kufutwa.

Walifanya mazoezi siku chache tu. Waters alikuwa na nyimbo zake alizotaka ziwemo, Gilmour akazikataa, Waters akaachia. Baadaye aliwaambia waandishi kwamba kujishusha kwa siku moja aliweza, ila kwa ziara nzima asingeweza. Mi naona hapo ndo ametoa siri yote.

Usiku wenyewe mi niliuona miaka baadaye kwenye kompyuta, nimevaa hedifoni saa nane za usiku. Wanaingia saa tano usiku ya London, giza, mapigo ya moyo yanasikika kwenye spika. Miaka 24 toka Earls Court. Wamezeeka, Wright amekuwa mzee kabisa, Gilmour kanenepa, Waters anaimba hata sehemu zisizo zake huku macho yamefumba, anatabasamu kama mtoto. Kabla ya wimbo wa Wish You Were Here Waters anasema kusimama hapa na hawa watatu baada ya miaka yote hii kunamgusa, na kwamba wanapiga kwa ajili ya wote ambao hawapo, hasa Syd. Nikasimamisha video hapo. Nikakumbuka mjomba anavyoshusha sauti.

Nyimbo nne, dakika 20 na kitu. Zilipoisha Gilmour akashukuru akaanza kuondoka, Waters akamwita arudi, akawakusanya wote wakakumbatiana, mikono ya Gilmour unaiona kabisa haijui ikae wapi, na ikakaa.

Wiki iliyofuata mauzo ya albamu zao yakapaa, Gilmour akasema faida hiyo yeye hataki, ziende kwa wenye shida, na wenzake wafanye hivyohivyo. Magazeti yakaandika kuna watu wameweka mezani zaidi ya dola milioni 200 wafanye ziara. Hawakufanya. Mwaka uliofuata Gilmour akasema bendi imekwisha. Julai 2006 Syd akafariki, Septemba 2008 Wright akafariki. Waters na Gilmour wakaja kupiga pamoja tena kidogo 2010 kwenye hafla ya kuchangia watoto wa Palestina, tena kuna mtu kaita, tena kuna jambo la watu, na 2011 Gilmour akapanda kwenye shoo moja ya Waters. Leo wamerudi kununiana, tena hadharani. 2024 waliiuzia Sony haki za rekodi zao, ikaripotiwa ni kama dola milioni 400, yaani hela waliigawana vizuri tu bila kulazimika kukaa chumba kimoja.

Kwa hiyo nitawaambia wale vijana Jumatatu, hela inaweza kumrudisha mtu ambaye tayari alikuwa anatafuta njia ya kurudi, lakini hiyo ni tofauti. Hata bendi ya Led Zeppelin, 10 Desemba 2007, watu milioni 20 waliomba tiketi za usiku mmoja, na kilichowakutanisha ni marehemu, Ahmet Ertegun, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya rekodi ya Atlantic Records, aliyewalea. Mtoto wa John Bonham, mpiga drams wao aliyefariki, akakaa kwenye drams za baba yake. Ziara kila mtu aliisubiri, mwimbaji wao Robert Plant akakataa. Na bendi ya Black Sabbath Julai 2025 pale Villa Park, Birmingham, nyumbani kwao, Ozzy Osbourne anaimba amekaa kwenye kiti kwa sababu ya ugonjwa, wanne wa mwanzo wote wapo, na siku 17 baadaye Ozzy hayupo. Sitaki kusikia mtu ananiambia wale walifuata hela.

Siku ya nikaha mjomba alikuja na kanzu nyeupe na koti la zamani la baharia. Mama alikuwa uani na kina mama kwenye sufuria za pilau. Mjomba akapita mlango wa uani, akasimama, akasema "Dada yangu." Mama akajifuta mikono kwenye kanga akasema "Karibu kaka, umekula?" Basi. Hawakukumbatiana, hawakulia, nyumba haikutajwa. Akamtilia pilau mwenyewe, akamwekea na nyama ya kifupa anayoipenda, akakaa pembeni yake kwenye mkeka mpaka akamaliza. Baada ya harusi wakarudi kimya chao, simu wakawa hawapigiani, na tulidhani imeshindikana.

Mjomba alifariki 2014. Baada ya arobaini tulikuwa Tanga, mama ameketi kibarazani, akaniuliza ule wimbo wa kaka yako wa masaa bado upo? Akasema kaka yako, siyo mjomba wako, alichanganya, nikamwachia tu. Nikauweka kwenye simu. Saa zikalia zote kwa mpigo, watoto wakakimbia kuja kuona kuna nini. Nikapeleka mkono nipunguze sauti, mama akasema acha.