Siku moja ya bwana shamba bondeni, Ilula, Iringa

Saa 11 na nusu alfajiri. Bado niko kitandani nasikia bomba la mgongoni likisukumwa bondeni. Msimu wa vinyungu, yaani bustani za bondeni, siku huanza hivi: vijana wanawahi kupiga dawa kabla upepo haujaanza, na kwa hilo wanafanya vizuri.

Saa 1 asubuhi. Nasimamisha pikipiki kwa mama mmoja wa nyanya.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, bwana shamba. Kantangaze karudi."

Ananigeuzia jani. Funza amechimba njia nyeupe humo ndani. Huyu mdudu aliingia nchini mwaka 2014, na kwa sababu hujificha ndani ya jani na tunda, dawa nyingi hazimfikii. Mkulima akiona hafi, anaongeza. Mama ameshachanganya chupa tatu kwenye ndoo moja, kipimo chake kifuniko, anakoroga kwa kijiti kifupi hadi vidole vinagusa maji. Nasoma lebo. Chupa mbili zina majina tofauti na rangi tofauti, lakini kiini, yaani sumu yenyewe iliyomo, ni kilekile, profenofosi. Amenunua kitu kimoja mara mbili. Anakaa chini kwenye tuta, anazitazama zile chupa. Pesa hiyo ingelipa daftari za watoto.

Saa 4. Naitwa shamba la pili. Kijana wa kibarua, anayelipwa kwa kila bomba, ameketi chini ya mparachichi. Jasho linamtoka, mate yanamjaa mdomoni, mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha sindano. Bomba lake linavuja na shati limelowa mgongo mzima. Wenzake wanasema ni njaa, na wameshamnywesha maziwa. Imani kwamba maziwa huondoa sumu naikuta kila kijiji, nami naipinga kila kijiji: maziwa hayaitoi sumu iliyokwisha kupita kwenye ngozi.

Tunamvua shati, tunamwosha kwa sabuni na maji mengi, namfunga khanga, mwenzake anampakata nyuma yangu hadi zahanati. Chupa nimeibeba pia, kwa sababu muuguzi anahitaji kujua ni sumu gani. Sumu za kundi la organofosfeti, kama ile profenofosi ya asubuhi, huzuia kimeng'enya kinachotuliza neva. Kikikosekana, neva zinaendelea kuamrisha bila kukoma: mate, machozi, kutapika, misuli kutetemeka, kisha mapafu kujaa majimaji. Anachomwa atropini, dawa inayopinga sumu hiyo. Baada ya muda pumzi inatulia.

Pale kwenye benchi nawaza hili neno "dawa". Mama zetu walitufundisha kwamba dawa inaponya. Ndiyo maana chupa inawekwa uvunguni karibu na unga, na ikiisha inaoshwa na kutiwa mafuta ya taa. Mimi siku hizi nasema sumu, hata mbele ya wenye maduka, ingawa hawapendi.

Saa 8 mchana. Vijana wawili wanaosha mabomba mferejini, na chini kidogo kuna mzee mwenye bwawa la samaki. Pairethroidi, kundi jingine la sumu za wadudu, kidogo tu inatosha kuua samaki. Nimewaonyesha kumwaga maji ya kuoshea shambani, mbali na mfereji, na kusuuza chupa mara tatu kisha kuitoboa isitumike tena.

Saa 10. Matenga yanapangwa barabarani. Nyanya zina madoa meupe ya mankozebu, sumu ya ukungu, ambayo Umoja wa Ulaya ulikataa mwaka 2020 kuihuisha idhini yake kwa hofu ya madhara kwa uzazi na homoni. Lebo inamtaka mkulima asubiri siku saba tangu kupiga hadi kuvuna. Mwenye nyanya hizi amepiga juzi. Lori liko hapa, bei ni ya leo, na kesho zitakuwa zimelainika. Namuuliza kama watoto wake watazila hizi. Ananyoosha mkono kuelekea nyuma ya jiko, kwenye mistari miwili ya nyanya zilizotobolewa na wadudu.

"Zetu ni zile kule."

Saa 1 usiku. Nguo za kazi nazivulia nje na kuzifua peke yake, mbali na za mtoto. Simu inaita. Ni yule kijana, sauti imerudi.

"Kaka, kesho naweza kwenda? Yamebaki mabomba kumi na mawili."

Namweleza kwamba mwili huchukua wiki kadhaa kukirudisha kile kimeng'enya, na kabla ya hapo hata sumu kidogo inaweza kumwangusha. Ananyamaza muda mrefu.

"Wiki kadhaa," anasema. "Na hela ya kula?"