Ncha Iliyokatwa

Leo asubuhi nguzo ya baraza imevunjika mikononi mwangu. Niliisukuma tu kuona kama imelegea baada ya mvua hizi, ikalia kama debe tupu, ikakatika pale inapoingia ardhini. Kwa nje ni ya kijani vilevile kama siku niliyoinunua soko la Gikomba. Ndani hakuna mti. Ni udongo mwekundu wa hapa Kangemi, bado una unyevu, umejaa vijia vyembamba, na mchwa weupe wanakimbia mwanga.

Imeniuma. Nililipa zaidi makusudi nipate nguzo iliyotiwa dawa ya mchwa kiwandani, nisirudie mambo ya baba yangu. Yeye alikuwa akiomba oili chafu gereji na kupaka nguzo zake kila mwaka, mikono myeusi hadi viwikoni. Oili hiyo haiingii ndani, hukaa juu juu na kuharibu udongo. Zilizodumu kwake ni zile za mutarakwa, yaani mwerezi wa milimani, ambazo hakuwahi kuzipaka kitu.

Nimeokota kipande nikakitazama vizuri. Ukingo wa kijani umebaki mzima, upana wa kidole, na katikati pametafunwa pote. Hapo nikakumbuka. Fundi alipoona nguzo imezidi urefu, aliipunguza futi moja kwa msumeno, kisha akatia shimoni upande ule ule alioukata. Nilikuwa nimesimama pale pale na sikusema neno.

Nguzo ya blugamu, yaani mkaratusi kama hii yangu, hukaushwa kwanza, ndipo ikaingizwa kwenye mtungi mkubwa wa chuma. Hewa hunyonywa, kisha dawa ya shaba, kromu na arseniki husukumwa ndani kwa nguvu. Shaba huzuia kuvu, arseniki huua wadudu, na kromu huzishika zote mbili zisioshwe na mvua. Mchanganyiko huo ulibuniwa na Mhindi, Sonti Kamesam, miaka ya 1930. Lakini dawa hunywewa na sehemu ya nje ya mti. Moyo wa blugamu huikataa, isipokuwa kidogo kwenye ncha, ambako hupenya kwa kufuata nyuzi. Ukikata ncha, umeondoa sehemu iliyolindwa vyema kuliko zote na kuwafungulia mchwa moyo mtupu.

Kwa hiyo nguzo mpya nimeisimamia mwenyewe. Kijana aliyekuja alitaka kupunguza chini, nikamwambia, "Hapana, kata juu." Ncha ya kiwandani imeingia shimoni, iliyokatwa iko chini ya mabati, na hata hiyo tumeipaka dawa mara mbili kwa brashi, tukiwa na glavu.

Vipande vilivyobaki vikaleta neno. Shosho wa jirani alikuja na kikapu chake: "Baba, hivi nitapikia githeri." Ningempa kuni yoyote niliyo nayo, si hizi. Nikamweleza kwamba ukichoma mbao hii ya kijani yenye dawa, arseniki haipotei, nyingine hupanda na moshi na nyingine hubaki kwenye jivu, na jivu lake yeye humwaga kwenye sukuma wiki. Alinitazama kwa muda, akauliza, "Na zile nilizochukua ulipojenga?"

Sikuwa na jibu. Nimempa gunia langu la makaa, nikaenda naye kulichota jivu lote kwenye jiko lake la mawe, nikiwa nimevaa zile glavu.